Mabega Saba ya Kushoto

Filamu ya eksirei, ukiitoa kwenye maji na kuitikisa, hutoa sauti yake: wab-wab-wab, kama bati la paa lililong'oka msumari mmoja. Mpaka leo naisikia. Naweza kuwa nimekaa zangu sokoni nachagua nyanya, mtu akatikisa karatasi ngumu tu, na papo hapo moyo unaruka, halafu hasira inapanda. Watu husema mimi ni mcheshi, nacheka na kila mtu, na ni kweli. Lakini hasira hii ninayo, sijui pa kuiweka, basi nimeona niiandike.

Nilimaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kwenda sekondari. Nyumbani kwetu ni juu, Upare Kusini, ambako ukifungua mlango asubuhi ukungu unaingia ndani kabla wewe hujatoka. Shangazi yangu alikuwa anafua mashuka katika hospitali moja ya huku chini, tambarare, akanisemea, nikapewa ufagio. Hospitali yenyewe siitaji jina. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila mahali watu wanahamishwa, wanachimba, wanajenga, na mimi na ufagio wangu nilijiona nalijenga taifa.

Nikifagia nilikuwa naota. Niliota nimevaa gauni jeupe, nimesimama nyuma ya ile mashine kubwa, namwambia mtu, "Vuta pumzi. Usipumue." Basi nilikuwa nafagia mlango wa chumba cha eksirei kuliko milango mingine yote. Fundi wa chumba hicho alikuwa mzee kutoka Songea, aliyekuja zamani kukata mkonge akabakia huku. Siku moja akatoa kichwa nje.

"Wewe binti wa mlimani, mlango mmoja tangu asubuhi. Umedondosha nini hapo?"

"Shikamoo, babu. Nataka kuona mifupa."

"Marahaba. Mifupa! Haya, ingia. Ila ukimwaga dawa yangu nitakupiga picha ya kichwa, tuone kama kuna kitu."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya chumba cha giza. Taa ndogo nyekundu, matangi ya dawa na maji, filamu zinaning'inia kama nguo. Picha inatokea polepole kwenye dawa, kama mtu anayekuja kwenye ukungu: kwanza hujui ni nani, halafu unamjua. Nilizipenda zile picha. Nilikuwa nikiona kwenye mbavu matuta ya mihogo, kwenye kiganja mito ya kwetu. Fundi alikuwa ananicheka, lakini alinifundisha kila kitu, hata ile herufi ndogo ya madini ya risasi anayoibandika pembeni ya filamu kuonyesha kama ni upande wa kushoto au wa kulia. "Hiyo usiidharau," aliniambia. "Bila hiyo daktari atamkata mtu mguu usio mgonjwa."

Daktari alikuwa kijana, ametoka masomoni karibuni, mtu wa mbali, mpole. Alikuwa na jambo lake moja alilolipenda kuliko chai: makombe ya bega yaliyovunjika. Kombe ni lile fupa pana la mgongoni, bapa kama mwiko, pale anapolaza kichwa mtoto aliyebebwa mgongoni. Alinieleza kwamba fupa hilo ni gumu kulivunja, limefichwa ndani ya nyama, madaktari wengi hukaa miaka bila kuliona limevunjika. Na yeye hapa alikuwa anayaona. Mtu wa Kihurio ameanguka kutoka juu ya lori la mpunga. Mtu wa Kwakoa amekanyagwa na ng'ombe. Halafu, ghafla, watu wa kijijini kwetu, mmoja baada ya mwingine.

Alitaka kujua fupa hilo linapasukia wapi, na kwa nini pale na si kwingine. Kwa hiyo akanipa karatasi ngumu inayopitisha mwanga, ile ya wachora ramani, na penseli kali. Kazi yangu ikawa kuweka filamu kwenye sanduku la taa, karatasi juu yake, na kufuatisha umbo la kombe na ule ufa. Kila mgonjwa karatasi yake. Baadaye anazipanga zote moja juu ya nyingine, na nyufa zinaonekana pamoja, kama njia za ng'ombe ukiziangalia kutoka mlimani.

"Lakini dada," aliniambia siku ya kwanza, "la kushoto ligeuze. Filamu iweke kinyume ndipo uchore, ili yote yaelekee upande mmoja. Na hiyo herufi usiichore, itatuchanganya."

Nikageuza. Niliambiwa nigeuze, nikageuza, na nilifurahi kama mtoto kwa kuaminiwa na penseli.

Sasa niseme habari ya barabara. Katibu wa kata yetu alikuwa ameahidi kwa wakubwa kwamba barabara ya kuteremka kwenda Kisiwani itapitika kabla ya ziara ya mgeni fulani. Barabara ilichongwa kwa msaragambo, yaani kazi ya wote, ile ambayo pembe ikipulizwa kila nyumba inatoa mtu. Msaragambo si jambo geni kwetu. Babu zetu walizibua mifereji na mabwawa yao kwa msaragambo, na walikuwa na utaratibu: kama kuna watu juu ya mteremko, chini hakuna mtu. Mtoto mdogo anaujua. Lakini Katibu alikuwa na haraka. Akapanga watu safu mbili. Wa juu wanang'oa mawe kwa mitaimbo, wa chini wanainama na majembe wanalainisha njia, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Anayeuliza anaitwa mvivu, anaitwa mpinga maendeleo. "Uhuru na kazi!" anapiga kelele, yeye amesimama pembeni kwenye kivuli na viatu vyake vya ngozi.

Mawe yakaanza kushuka. Watu sita wa kijiji chetu walishushwa hospitali kwa miezi ile michache, na mimi nilifuatisha nyufa zao zote. Nilikuwa nawafahamu. Niliwaletea uji. Kila mmoja alisema neno moja: jiwe.

Wa saba alikuja siku ya Jumanne. Nilikuwa ndani ya giza, fundi akanipitishia filamu kupitia kidirisha, nikaizamisha. Ufa ukatokea. Mrefu, mzuri, umekatiza bapa la kombe kwa mshazari, mahali palepale kama zile nyufa sita nyingine. Naandika hili kwa aibu: nilifurahi. Nilisema kwa sauti, "Huyu Daktari atampenda!" Nikaisuuza, nikaitikisa, nikatoka nayo mbio ikidondosha maji.

Kwenye benchi alikuwa amekaa Baba.

Alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyebeba kuku. Akanitazama akajaribu kutabasamu. "Mwanangu. Kumbe ndiyo kazi yako hii." Na alikuwa ananuka dengelua, pombe ya miwa ya kwetu.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Hakunywa pombe tangu kipaimara chake. Nyumbani kwetu hata miwa ya pombe hailimwi. Lakini shati lake lilikuwa limelowa dengelua kuanzia kifuani mpaka kiunoni, na mimi, binti yake wa kuzaa, kwa muda wa kama kuhesabu tano, niliamini. Hiyo nayo sijajisamehe. Halafu wale waliomshusha kwa machela wakanieleza, huku wakiangalia chini: walipumzika njiani kwenye nyumba yenye sherehe ya mahari, wakapewa kinywaji, kibuyu wakakiweka kifuani kwa Baba ili wabebe machela kwa mikono miwili. Kilipinduka kwenye kona ya kwanza.

Karani wa mapokezi alinusa, akaandika: pombe. Basi.

Wiki mbili baadaye Katibu alipeleka taarifa kwa wakubwa wake, na nakala kwa mchungaji wetu. Ilisema walioumia barabarani wote walikuwa wamelewa, wakaanguka wenyewe, na kwamba hata hospitali imeandika hivyo. Wote saba! Jiwe hata moja halikutajwa. Wengine sita hawakuwa na cheo cha kupoteza, wakatukana kidogo wakaendelea na maisha. Baba akatengwa. Kwa asiyejua, kutengwa ni hivi: unaondolewa uzee wa kanisa, hushiriki meza ya Bwana, unakaa nyuma kabisa na wageni, mpaka siku utakaposimama mbele ya watu wote useme kosa lako kwa mdomo wako. Ukilisema, wanakushika mkono, wanaimba, umerudi kundini.

Lakini alitengwa kwa kosa gani?

Nilimwendea daktari. 

"Daktari, mtu akianguka mwenyewe bega linavunjika hivi?"

Hakusita. Alinionyesha yule wa Kihurio: mpasuko kwenye shingo ya kombe, karibu na kiungo. "Anayeanguka hulivunjia huku mara nyingi. Bapa likipasuka katikati namna hii, kuna kitu kimempiga kwa nyuma. Kizito."

"Basi andika hivyo. Andika kwa ajili ya Baba."

Akavua miwani akaifuta. Ilikuwa safi. "Dada, naweza kuandika kwamba amepigwa na kitu. Pombe siwezi kuiona kwenye picha. Na nikiandika kwamba Katibu amesema uongo... mimi nimepangiwa hapa na serikali. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nilitamani nisimwelewe. Lakini alinipa ruhusa ya kuchukua zile karatasi saba za kijiji chetu, kwa siku mbili tu. Filamu zenyewe haziruhusiwi kutoka.

Fundi alikuwa anasikiliza mlangoni. "Wapare na kesi!" akasema. "Mpare akikanyagwa kidole anatafuta mahakama. Nenda, binti, kashtaki." Aliniwekea karanga kwenye mfuko wa gauni.

Kwenye lori la mbao, nikipanda mlima, nilikuwa nimezikumbatia zile karatasi, na kile nilichokuwa nakijua kilikuwa kinanichemka kifuani. Nilikuwa nimeliona jambo ambalo hata daktari hakuliona, kwa sababu mimi nilizishika filamu zenyewe na herufi zake. Mabega yote saba yalikuwa ya kushoto. Walioanguka kwenye malori na kukanyagwa na ng'ombe walichanganyika, huyu kushoto, huyu kulia. Wa kijijini kwetu, kushoto, kushoto, kushoto. Na ukisimama kwenye ile barabara ukichimba kuteremka, mlima uko wapi? Uko kushoto kwako! Mlevi haangukii upande mmoja mara saba. Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye lori. Niliota wazee wa kanisa wanainuka, wanamshika Baba mkono. Niliota hata Katibu anavuliwa viatu.

Walinipokea Jumamosi mchana katika chumba cha mchungaji, yeye na wazee wanne.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, binti. Umetuletea ramani ya Tanzania?" Huyo alikuwa mzee mwenye duka, mrefu, mtani sana. Wakacheka. Nikacheka pia.

Nikazipanga karatasi moja juu ya nyingine, nikazishika kwenye dirisha, mwanga ukapita. Nyufa saba zikalala pamoja kama vidole.  Mchungaji alisogea karibu kabisa, akaweka kidole. Nikawaeleza yote, kuanguka na kupigwa, nikamalizia, "Na yote saba ni ya kushoto, upande wa mlima."

Mzee wa duka akazichukua zile karatasi taratibu. "Simama," akamwambia mwenzake, "geuka." Akaziweka mgongoni mwake, kwenye kombe, akazisogeza mpaka umbo likakaa sawasawa. Sehemu ya kiungo, pale mkono unapoingia, ilielekea kulia.

"Binti," akasema, na sasa hakuwa anatania. "Hili ni bega la kulia."

Nilitazama. Lilikuwa la kulia. Yote saba yalikuwa ya kulia, yamenyooka safi, kazi ya mikono yangu, bila herufi hata moja.

"Tuliyageuza," nikasema. "Daktari hugeuza ili yaelekee upande mmoja. Geuzeni tu karatasi mtaona..." Nikaigeuza mwenyewe mgongoni mwa yule mzee, haraka, karatasi zikateleza, mbili zikaanguka.

"Kumbe ukiigeuza inakuwa kushoto," akasema. "Na ukiigeuza tena inakuwa kulia. Basi hiyo karatasi inasema anachotaka aliyeishika."

"Twendeni hospitali mkaone filamu! Zipo! Zina herufi!"

"Tuteremke mpaka tambarare kuangalia mifupa?"

Mchungaji aliniokotea zile mbili. Alisema elimu ni jambo jema, na kwamba mtoto anayempenda baba yake ana baraka. Alisema hospitali hiyohiyo iliandika pombe, kwa kalamu, kwa herufi zinazosomeka. Halafu akasali. Alinisalia mimi! Nilikuwa nimefumba macho huku nimekunja ngumi, na sikusema amina.

Nilimchukia daktari siku hiyo, masikini, ambaye hakunidhuru kwa kusudi. Kwake bega lilikuwa bega. Alitaka kuona fupa linapasukia wapi, akaliona, na upande akautupa kama ganda. Kwetu upande ndio ulikuwa kila kitu. Lakini penseli ilikuwa yangu, na kila nikifika hapo kwenye hesabu yangu ya lawama najikuta mwenyewe.

Nyumbani nilimkuta Baba shambani, anajaribu kupalilia maharage kwa mkono mmoja. Alikuwa ameshasikia.

"Umewasumbua wazee."

"Nitarudi na filamu. Nitaziiba."

"Hutaiba kitu." Akaegemea jembe. "Kesho nasimama mbele."

Sikuelewa mara moja. "Unasimama kusema nini?"

"Wanachotaka kusikia."

"Baba, hukunywa!"

"Sikunywa."

"Utasema ulikunywa? Kanisani?"

"Mwanangu, nimekaa nyuma tangu mvua za vuli. Watoto wananigeukia kunitazama. Mama yako anakwenda mezani peke yake kama mjane. Nimechoka. Mungu anajua sikunywa."

"Basi kama anajua, kwa nini ukamdanganye nyumbani kwake?"

Sijawahi kusema na Baba namna ile, wala kabla wala baadaye.  Nilidhani atanipiga kwa ule mkono mzima. Akasema tu, "Simdanganyi yeye. Hawa ndio nawapa chao, waniache." Akainama tena kwenye maharage, na nilisikia bega lake likikwaruza ndani ya shati.

Nilimpokonya jembe nikapalilia mwenyewe mpaka mstari wa mwisho, nikikata na maharage mengine, sikujali.

Jumapili kanisa lilijaa. Sisi wanawake upande wetu, wanaume upande wao. Katibu alikuwa mbele kabisa na viatu vyake, amekuja kusikia. Baba aliitwa. Alitembea kutoka nyuma, polepole, akasimama pale chini ya mimbari, suti yake ya arusi imemkaa vibaya kwa sababu mkono wa kushoto haukuinuka kuingia vizuri. Akasema, "Nilikunywa pombe siku ya kazi. Nikaanguka. Naomba mnisamehe."

Maneno hayo tu. Kulikuwa na mawe makubwa kama vyungu kwenye ile barabara, na watu sita wengine ndani ya kanisa hilohilo wakiwa na makovu migongoni, na hakuna aliyekohoa. Mchungaji akamshika mkono. Kwaya ikaimba, kwa furaha kweli, akina mama wanapunga vitambaa. Katibu alipiga makofi. Nilimwona. Sasa alikuwa na ushahidi bora kuliko karatasi yoyote: mzee wa kanisa mwenyewe, kwa mdomo wake. Barabara ikaendelea kuchongwa kwa safu mbili mpaka ilipoisha.

Na Baba alikuwa analia. Watu walidhani ni machozi ya toba.

Halafu meza ya Bwana ikaandaliwa. Baba akapiga magoti wa kwanza, peke yake, akapokea. Nilimwona akifumba macho, nilimwona uso wake unalegea, na nilimpenda na kumkasirikia kwa pamoja. Wanaume wakamaliza. Ikaja zamu yetu. Benchi la mbele likainuka, kisha letu. Mama akasimama, akanyoosha kanga, akanigusa bega.

"Inuka."

Nikatikisa kichwa.

"Wee! Watu wanatazama. Inuka, tafadhali."

 Akanivuta mkono mara moja, akauachia, akaenda. Waliokuwa nyuma yangu wakasukumana njiani, wakaanza kupita kwenye benchi letu ili wafupishe foleni. Nikakunja magoti upande, nikayashika kwa mikono yote miwili, wakapita.